Ghala Limejaa, Damu Imepungua: Mbwa Aliyezaliwa na Mchepuko kwenye Mshipa wa Ini

Mwenye mbwa anapokea karatasi ya majibu kutoka maabara. Mbwa wake ana miezi saba, ni mdogo kuliko ndugu zake waliozaliwa naye siku moja, na kwa wiki kadhaa amekuwa akila kisha kuzungukazunguka chumbani kama aliyepoteza kitu. Kwenye karatasi daktari wa mifugo amezungushia kalamu mistari miwili. Wa kwanza unasema damu imepungua kidogo. Wa pili unasema seli nyekundu ni ndogo kuliko kawaida. Chini yake ameandika kwa mkono: tuchunguze ini.

Mwenye mbwa anasoma "damu imepungua" na mengine hayaoni tena. Anachojua ni kile tunachojua wengi: damu ikipungua, madini ya chuma yamekosekana, na yakikosekana huongezwa kwa vidonge au kwa kula maini. Anafika nyumbani akiwa ameshanunua vyote viwili, kwa upendo kabisa.

Kwa mbwa huyu, hakuna hatua hata moja ya hesabu hiyo iliyo sahihi. Chuma hakijakosekana, vidonge havitamsaidia, na maini yanaweza kumwongezea taabu. Ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na maneno yenyewe.

Damu kupungua ni kupungua kwa nini?

Upungufu wa damu, au anemia, si sawa na maji kupungua kisimani. Kiasi cha damu mishipani kinaweza kuwa kilekile. Kinachopungua ni seli nyekundu, zile zinazobeba oksijeni, au ni hemoglobini iliyomo ndani yake. Damu ikitiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine, seli nyekundu hushuka chini na kujipanga, na juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano. Ile sehemu nyekundu ndiyo hupimwa. Kwa mbwa mzima mwenye afya huchukua takriban asilimia 37 hadi 55 ya damu yote. Mtoto wa mbwa huwa chini ya hapo katika miezi yake ya mwanzo bila ugonjwa wowote, kwa hiyo umri lazima uhesabiwe kabla ya mtu kuingiwa na hofu.

Namba ya pili ni wastani wa ukubwa wa seli moja nyekundu, ambayo kwenye karatasi nyingi huandikwa kwa herufi MCV. Kwa mbwa wengi huwa kati ya femtolita 60 na 77 hivi, ingawa mashine hutofautiana kidogo. Ikiwa chini ya hapo, seli ni ndogo.

Kuna na ya tatu ambayo watu huiruka: idadi ya seli changa, zile zilizotoka kwenye uboho wa mifupa juzijuzi. Mbwa aliyejeruhiwa na kuvuja damu, baada ya siku chache uboho wake humwaga seli changa kwa wingi kufidia kilichopotea. Uboho unajua kuna pengo na unafanya kazi ya kuliziba.

Mbwa tunayemzungumzia ana picha tofauti. Damu imepungua kidogo, wakati mwingine haijapungua kabisa. Seli ni ndogo, na hilo hutokea kwa zaidi ya nusu ya mbwa wa aina hii. Seli changa ni chache. Uboho haujaharibika, ila unafanya kazi kwa mwendo wa fundi ambaye vifaa vinamfikia kwa kuchelewa.

Mchepuko unatoka wapi

Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo, wengu na kongosho hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa kwenye ini kwanza. Humo hupita katika vijia vyembamba sana, na ini huchukua virutubisho, huondoa sumu, na kubadilisha visivyofaa viwe vinavyoweza kutolewa. Baada ya hapo ndipo damu huruhusiwa kwenda moyoni na mwilini kote. Karibu robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini hupitia mshipa huo.

Wajenzi wa barabara huita mchepuko ile njia inayokwepa mji ili magari yasipite katikati. Neno hilo linatufaa. Mbwa hawa wamezaliwa na mshipa wa ziada unaotoa damu ya utumbo kabla haijafika kwenye ini, au unaoivusha ndani ya ini bila kugusa vile vijia, na kuimwaga kwenye mshipa unaokwenda moyoni. Damu inalikwepa ini kama gari linavyokwepa kituo cha ukaguzi.

Mchepuko wa namna hii si kitu kigeni kwa mbwa yeyote. Akiwa tumboni mwa mama yake, mtoto wa mbwa hali chochote, na kazi ya kusafisha damu hufanywa na kondo la nyuma na mwili wa mama. Kwa hiyo kila mtoto anao mshipa mfupi ndani ya ini unaoruhusu damu ipite moja kwa moja. Siku chache baada ya kuzaliwa unapaswa kujifunga. Usipojifunga, mbwa anabaki na mchepuko wa ndani ya ini, na hali hii huonekana zaidi kwa mbwa wa aina kubwa kama Irish Wolfhound na Labrador. Kwa mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier, Maltese na Cairn Terrier, mchepuko huwa zaidi nje ya ini: ni mshipa ambao haukupaswa kuwepo tangu mwanzo, uliounganika vibaya wakati mishipa inaumbwa. Machotara nao hupatikana na hali hiyo. Katika baadhi ya koo jambo hili hurithiwa, ndiyo maana mbwa aliyethibitika kuwa nao hapaswi kuzalishwa.

Ini lililokwepwa hudumaa. Damu ya kutoka utumboni na kwenye kongosho haileti chakula tu. Huleta pia homoni, insulini ikiwemo, zinazoliambia ini likue. Bila hizo ini hubaki dogo kuliko mwili linaouhudumia. Nadhani hapa ndipo watu hukosea kuufikiria ugonjwa huu. Husikia "tatizo la ini" wakadhani seli za ini zinaugua kama zinavyougua kwa homa ya manjano. Ini la mbwa huyu lina njaa ya damu. Likirudishiwa damu yake, mara nyingi hukua.

Chuma kimefungiwa

Sasa turudi kwenye damu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye fumbo.

Mwili wa mbwa ni bahili wa chuma. Seli nyekundu huishi karibu siku 110 hadi 120, kisha huzeeka na kumezwa na seli walinzi zilizomo kwenye wengu, kwenye ini na kwenye uboho. Hemoglobini huvunjwa, chuma chake huokolewa, kikapakiwa kwenye protini ya kukibeba iitwayo transferini na kurudishwa kwenye uboho kutengenezea seli mpya. Chuma kilekile huzunguka hivyo tena na tena. Kinachotoka kwenye chakula kila siku ni nyongeza ndogo tu. Kwa sababu hiyo mbwa anayekula vizuri haishiwi chuma hivihivi. Huishiwa pale damu inapotoka nje ya mwili kwa muda mrefu: minyoo ya safura inayonyonya utumboni, viroboto wengi kwa mtoto mdogo, kidonda cha tumbo kinachovuja polepole. Hapo ghala huwa tupu kweli, na hapo vidonge vya chuma ni dawa kweli.

Mbwa mwenye mchepuko, ukipima chuma kinachosafiri kwenye damu yake, utakikuta kidogo. Ukiishia hapo utasema ana upungufu wa chuma. Lakini kwenye upasuaji daktari hukata kipande kidogo sana cha ini na kukipeleka maabara, na huko hupakwa kemikali inayogeuka buluu inapokutana na chuma. Kwa mbwa aliyeishiwa chuma kweli, kipande hicho hakioneshi buluu ya maana. Kwa mbwa mwenye mchepuko mara nyingi buluu imetapakaa: punje kwa punje ndani ya seli walinzi wa ini, chuma kingi kimerundikana pale, wakati uboho hatua chache kutoka hapo unakilia.

Kwa hiyo barabarani hakuna mzigo, lakini ghala limejaa. Kilichokwama ni usafirishaji.

Kwa nini kimekwama? Sehemu ya jibu ni kwamba transferini, yale magari yenyewe, hutengenezwa na ini, na ini lililodumaa hutengeneza protini nyingi kwa uchache. Albumini, protini nyingine ya damu inayotengenezwa na ini, hushuka kwa sababu hiyohiyo. Sehemu nyingine inahusu mlango wa ghala. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo ikipanda hufunga milango ya seli zinazohifadhi chuma. Homoni hii inajulikana sana kwa kufungia chuma kwenye magonjwa ya muda mrefu, na kwa kawaida ndiyo hushukiwa kwanza chuma kinapokwama. Kwa mbwa wenye mchepuko haijathibitishwa kuwa ndiyo mhusika pekee, na mtu akikuambia kwa uhakika kwamba ameipata sababu moja tu, sikiliza kwa tahadhari. Yenye uhakika ni matokeo: chuma kipo, na uboho haukipati kwa wakati.

Na kwa nini seli ziwe ndogo badala ya kuwa chache tu? Seli nyekundu inapoumbwa kwenye uboho hugawanyika mara kadhaa, na inaonekana huacha kugawanyika pale hemoglobini ndani yake inapofikia kiwango fulani. Hemoglobini haiwezi kukamilika bila chuma. Chuma kikichelewa, seli husubiri, na wakati inasubiri hugawanyika mara moja zaidi. Kila mgawanyiko huzaa seli ndogo kuliko iliyotangulia. Udogo wa seli ni alama ya kusubiri.

Niliwahi kuonyeshwa damu ya mbwa wa namna hii kwenye hadubini. Nilitarajia kitu cha kutisha. Nilichoona ni duara nyingi zenye rangi ya kutosha, zimetawanyika, ila zilionekana kama zimepigwa picha kutoka mbali zaidi. Baadhi zilikuwa na doa jeusi katikati kama shabaha ya kulenga mshale, na chache zilikuwa zimepinda umbo. Daktari aliweka pembeni kioo cha damu ya mbwa mwenye afya, na kwa kulinganisha tu ndipo udogo ulipojitokeza. Ni ugonjwa unaoweza kupita mbele ya macho ya mtu asiyetafuta.

Tunajuaje kwamba mshipa ndio chanzo?

Ushahidi mzuri zaidi hutoka baada ya matibabu. Mchepuko ukifungwa kwa upasuaji na damu ikarudi kupita kwenye ini, seli nyekundu huanza kutoka kwenye uboho zikiwa na ukubwa wa kawaida, na kwa mbwa wengi damu na MCV hurudi mahali pake, bila kidonge hata kimoja cha chuma. Ila halitokei kwa wiki moja. Zile seli ndogo zilizokwisha kutoka hazikui. Zitazunguka mpaka zife zenyewe, na tumeshasema zinaishi karibu miezi minne. Kipimo cha mwezi wa kwanza huwa ni mchanganyiko wa seli za zamani na mpya. Anayekata tamaa kwa sababu namba haijabadilika baada ya wiki tatu anakata tamaa mapema mno.

Ushahidi mwingine ni wa kulinganisha. Wapo mbwa wanaozaliwa na vijia vya damu vilivyodumaa ndani ya ini lakini bila mchepuko mkubwa. Baadhi ya vipimo vyao vya ini hufanana na vya wenzao wenye mchepuko, lakini seli zao nyekundu kwa kawaida huwa za ukubwa wa kawaida. Daktari akiona seli ndogo, mizani inaelemea upande wa mchepuko.

Hata hivyo, udogo wa seli peke yake si hukumu. Akita na Shiba Inu wengi wana seli ndogo kwa asili yao na hawana tatizo lolote. Mbwa mwenye safura naye anazo. Ndiyo maana daktari mzuri huisoma namba hii pamoja na nyingine: urea (taka inayotolewa kwa mkojo) iko chini, albumini chini, kolesteroli chini, sukari ya damu wakati mwingine chini. Zote hizo ni vitu ambavyo ini hutengeneza. Zikishuka kwa pamoja kwa mbwa mchanga aliyedumaa, swali la mshipa linajileta lenyewe.

Yale tunayoambiana

Hebu tuseme wazi kuhusu vidonge vya chuma. Kuongeza mzigo kwenye ghala ambalo mlango wake haufunguki hakumfikishii mzigo anayeusubiri. Na chuma si kitu kisicho na madhara: kikizidi kwenye ini huzalisha kemikali zinazounguza seli. Kumpa mbwa huyu chuma bila kuthibitisha kwamba kweli amekikosa ni kulitwika ini dogo kazi ya ziada. Kama daktari amegundua kwamba mbwa huyohuyo anavuja damu tumboni, hilo ni jambo jingine, na uamuzi wa kumpa chuma utatokana na huko kuvuja, si na mchepuko.

Maini ndiyo yanayonisikitisha zaidi, kwa sababu hutolewa kwa nia njema kupita kiasi. Watu huamini ini huponya ini. Lakini fikiria kinachotokea baada ya mlo. Protini ikivunjwa utumboni, bakteria huzalisha amonia. Ini zima huigeuza amonia hiyo kuwa urea, nayo hutoka kwa mkojo. Kwa mbwa mwenye mchepuko amonia inalikwepa ini na kwenda ubongoni, na ndipo unamwona anazunguka, anakodolea ukuta macho, anabana kichwa kwenye kona, au anapata degedege, mara nyingi saa chache baada ya kula. Nyama nyekundu na nyama za viungo huleta shida hii zaidi kuliko protini za mayai, maziwa au soya. Juu ya hayo, maini yana purini nyingi, na purini huishia kuwa asidi ya yuriki, ambayo ini la mbwa mwenye afya huibadilisha iwe kitu kinachoyeyuka kwa urahisi kwenye mkojo. Hapa haibadilishwi. Asidi ya yuriki na amonia hukutana kwenye kibofu na kutengeneza mawe. Baadhi ya mbwa hawa hugundulika kwa mara ya kwanza wakiwa wanashindwa kukojoa.

Kosa la upande wa pili ni kumnyima protini kabisa. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji protini, na uboho unaihitaji kutengeneza hemoglobini. Chakula cha mbwa huyu hupunguzwa protini kwa kipimo na kuchaguliwa protini nzuri, kikigawanywa katika milo midogo mingi. Akinyimwa, hujilisha misuli yake mwenyewe, na amonia hupanda vilevile.

Wengine huuliza kuhusu kuongezewa damu. Upungufu unaoletwa na mchepuko peke yake huwa mdogo, na mbwa huuzoea kwa sababu ameishi nao tangu akiwa mchanga. Hauhitaji damu ya mwingine. Ikitokea hitaji la kweli, kwa mfano wakati wa upasuaji au kwa kuvuja, madaktari hupendelea damu iliyotolewa karibuni, kwa sababu damu ikikaa kwenye hifadhi hujikusanyia amonia, kitu kilekile ambacho mbwa huyu hawezi kukiondoa.

Na ufizi? Ndiyo, ufizi uliopauka ni dalili ya upungufu wa damu. Lakini kwa upungufu mdogo kama huu ufizi hubaki wa pinki, kwa hiyo kuukuta pinki hakumwondolei mbwa shaka. Kinyume chake ndicho cha kushika sana: ukiona ufizi umekuwa mweupe kwa mbwa anayejulikana kuwa na mchepuko, usiseme "si tunajua ana upungufu wa damu?" Mchepuko peke yake kwa kawaida haumfikishi huko. Kuna kitu kingine kinaendelea, na mara nyingi ni kuvuja.

Mbwa wenye mchepuko, hasa ule wa ndani ya ini, wana mwelekeo wa kupata vidonda vya tumbo na utumbo. Kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami ni damu iliyomeng'enywa. Matapishi yanayofanana na unga wa kahawa ni damu pia. Na hapa hatari ni mbili kwa pamoja, kwa sababu damu iliyoingia utumboni ni protini: bakteria huigeuza amonia, na mbwa anayevuja anaweza pia kuchanganyikiwa siku hiyohiyo. Mbwa wenye mchepuko wa ndani mara nyingi hupewa dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, omeprazoli, kwa muda mrefu, hata baada ya upasuaji. Dawa za maumivu za binadamu zisimfikie kabisa. Kupe nao wasisahaulike, maana wanaeneza vimelea vinavyovunja seli nyekundu, na mbwa mwenye mchepuko anaweza kuupata ugonjwa huo kama mbwa mwingine yeyote.

Kuutafuta mshipa, na kuufunga

Kipimo cha kuanzia kinafuata mantiki tuliyokwisha kuijenga. Ini hutengeneza asidi za nyongo na kuzimwaga utumboni kusaidia kumeng'enya mafuta. Zikimaliza kazi hufyonzwa, hurudi kwa ule mshipa mkubwa, na ini huzidaka karibu zote. Damu huchukuliwa mbwa akiwa hajala kwa saa 12 hivi, kisha tena saa mbili baada ya kula. Kwa mbwa mwenye mchepuko asidi hizo hupita bila kudakwa, na kipimo cha pili hupanda sana. Wenye Maltese wajue kwamba baadhi ya mbwa wa aina hiyo huwa na kiwango cha juu bila ugonjwa. Amonia hupimwa pia. Kisha mshipa wenyewe hutafutwa kwa ultrasaundi au kwa picha za CT zenye dawa ya kuonyesha mishipa, ambazo humchorea daktari wa upasuaji ramani kamili kabla hajashika kisu.

Wengine hugundulika kwa njia ya ajabu zaidi: mbwa anapelekwa kuhasiwa, na dawa ya usingizi inachelewa mno kumtoka, kwa sababu ini lililopaswa kuivunja halikutani nayo vya kutosha.

Kabla ya upasuaji mbwa hutulizwa kwa wiki kadhaa kwa chakula maalumu, laktulosi inayopunguza amonia utumboni, na mara nyingine antibiotiki. Kisha mshipa hufungwa polepole. Ukifungwa ghafla, damu yote itasukumwa kwenye ini ambalo halijawahi kuipokea, na shinikizo litarudi nyuma utumboni. Kwa mchepuko wa nje hutumika pete ya chuma yenye kaseini ndani, protini ya maziwa iliyokaushwa, ambayo hufyonza majimaji na kuvimba ikiubana mshipa kwa wiki kadhaa. Au ukanda wa selofani unaoufanya mwili wenyewe ujenge kovu kuuzunguka. Kwa mchepuko wa ndani, madaktari wenye vifaa hupenyeza koili ndogo za waya kupitia mshipa wa shingo, na damu huganda juu yake taratibu.

Mbwa wasiofanyiwa upasuaji wanaweza kuishi kwa chakula na dawa, wengine kwa miaka. Seli zao zitabaki ndogo na damu itabaki chini kidogo ya mstari, na hakuna sababu ya kuihangaikia namba hiyo maadamu anakula, anacheza na haanguki degedege.

Kwa aliyefanyiwa, ile namba inapata kazi mpya. Daktari hurudia asidi za nyongo na kipimo cha damu baada ya miezi kadhaa, na anapotazama MCV anatazama kama damu ya utumbo imerudi kwenye njia yake. Ikiwa imepanda, uboho unapata chuma chake. Ikiwa seli bado ni ndogo miezi sita baadaye, inafaa kuulizwa kama mshipa umefungwa wote, au kama kuna michepuko mipya imefunguka pembeni, na huenda picha zikahitajika tena. Kwa hiyo karatasi ile ya kwanza, yenye mistari miwili iliyozungushiwa kalamu, isitupwe. Iweke kwenye faili la mbwa wako na uende nayo kila mara. Bila namba ya mwanzo, daktari hana cha kulinganishia ya leo.